Funguo Tatu za Tangi

Mwanangu Somoe,

Umekwenda Makote kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia kabla hajakulisha, akakulilia, kisha akakulisha tena. Kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Jua bado lipo, nimekaa hapa barazani na karatasi ulizoziacha mezani, na begi lako limesimama mlangoni tangu jana. Kila nikipita nalisukuma kidogo kwa mguu, utadhani limenikosea.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na kuchagua marafiki. Hayo mjomba wako alikwishayasema mbele ya watu kwa sauti yake ile ya kuhutubia, na shangazi anayarudia hivi sasa. Kama kuna kilichosahaulika, majirani watakimalizia kesho kituoni wakati basi linapiga honi. Mimi nataka kukuandikia habari za tangi.

Usicheke. Najua unakwenda Singida kusaidia vikundi vya watu watumie vizuri vitu vyao vya pamoja, mashine za kusaga, matangi, maghala, wajue nani katumia nini na kimebaki kiasi gani. Umesomea kazi hiyo, na ulipokuwa ukinisomea vitabu vyako likizo nilikuwa nasikiliza, hata nilipofumba macho. Vitabu vile ni vizuri. Lakini mimi nimekaa na kitu cha watu mkononi tangu mama yako alipofariki, na kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo sikulisikia humo. Huenda liko kurasa za mbele na mimi nilikuwa nimeshasinzia kweli.

Tangi unalijua, ila upande wangu wa habari yake hujawahi kuusikia. Wewe umekua umezoea kwamba maji ni ya mvua, na mvua ni ya bati. Bibi yako alikuwa anashuka bondeni kabla ya jua na kurudi na ndoo kichwani jua likiwa utosini, akishika mizizi kwenye ule mteremko. Ndiyo maana akina mama walipojenga lile tangi la saruji ubavuni mwa ghala la korosho, lenye bati kubwa kuliko bati zote hapa kijijini, walilia siku ilipoingia mvua. Wakamchagua mama yako awe mtunzaji. Hakusoma sana, lakini alikuwa na jambo moja, hakupenda kusadikiwa tu.

Unaukumbuka ule mwanzi wake? Alikata alama mbili. Maji yakiwa juu ya alama ya kwanza, kila nyumba ndoo mbili kwa siku. Yakishuka chini yake, ndoo moja. Yakifika alama ya pili, tangi lafungwa kwa wote isipokuwa wagonjwa, waliojifungua na nyumba yenye msiba. Na hakuna siku aliyopima yeye. Anayefika wa kwanza kwenye foleni ndiye anayechovya mwanzi na kuuinua juu, ukiwa bado unatiririka, kila mtu auone ulipolowa. Niliwahi kumwambia anapoteza muda. Akanijibu, "Baba Somoe, mimi nikisema yamebaki machache watasema nimeyaficha. Mwanzi ukisema, watarudi nyumbani wananung'unikia mawingu." Wakati ule nilimwona ana maneno mengi.

Alipokufa, wanawake walikuja kunipa pole, na Bi Hadija, ambaye ndiye mwenyekiti wao hadi leo, akasema ufunguo ubaki hapa hapa kwanza, nyumba isipoe kwa ghafla. Akasema baada ya arobaini watakaa waamue. Arobaini ikapita, hakuna aliyeuliza. Mimi nami sikumkumbusha mtu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Wewe ulirudi shule ya bweni. Nyumba hii ikabaki na mimi na kuku. Lakini kila alfajiri nasikia, "Hodi, Baba Somoe. Shikamoo." "Marahaba, karibu. Watoto hawajambo?" Mmoja ananieleza mbuzi wake aliyekula mbaazi za jirani, mwingine ananieleza jirani mwenye mbaazi. Jioni hivyo hivyo. Nilijua nani ana mimba kabla ya mumewe. Nikikuambia ukweli wote, mwanangu, nilikuwa nachelewa makusudi kuutafuta ufunguo. Nauacha mfukoni, naingia ndani, napekuapekua juu ya kabati, nasema "Ngojeni kidogo, nimeuweka wapi sijui," ili tu wasiondoke upesi. Mzee mzima.

Mtu akiwa na shida ya namna hiyo hajui kama ni shida. Mimi nilidhani ni uangalifu. Nilianza kupima mwanzi mwenyewe, Ijumaa baada ya sala, peke yangu, kisha natoka nje na kutangaza, "Ndoo moja," kama daktari anayetoka wodini. Wakakubali. Baadaye watoto wakawa wanachezea bomba la kuingiza maji, basi nikamwita fundi achomelee kijumba cha chuma kuzunguka vyote viwili, koki ya kutekea na lile bomba la kuingizia, na mlango mmoja wenye kufuli moja. Kufuli lilikuja na funguo tatu. Mmoja nikaweka mfukoni. Mbili nikazifunga kwenye pindo la kanga ya mama yako, ile ya rangi ya majani mabichi, nikazitia kabatini. Watu wakanisifu kwamba tangi halijawahi kupata mtunzaji kama mimi. Nami nikaona wamesema kweli.

Unajua mwenyewe habari ya mvua ya kwanza, lakini huko uendako hakuna mikorosho kama yetu, huenda ukasahau. Miezi ya kupulizia, salfa inatimka mashambani tangu umande haujakauka, na ule unga wa manjano haukai kwenye maua ya korosho tu. Unapanda juu ya bati na kulala pale pamoja na vumbi, majani na mavi ya njiwa, unasubiri. Mvua ya kwanza ikishuka inasomba vyote. Kwa hiyo mtu lazima awahi kuligeuza bomba limwage nje, bati lioshwe kwanza, ndipo mvua inayofuata iingie ndani. Kazi ya mkono mmoja tu, hata mtoto anaiweza. Lakini bomba lilikuwa ndani ya kijumba changu.

Mwaka ule baba yako mdogo wa Masasi akafariki. Nilipopata habari nilivaa kanzu na kutoka bila kuangalia nyuma. Ufunguo ulikuwa mfukoni, kwa sababu siku zote ulikuwa mfukoni. Tukazika. Kesho yake napanda basi la kurudi, na tulipoanza kuukwea mteremko wa kuja huku juu nikaliona wingu limekaa juu ya Newala, jeusi, zito. Abiria wakafurahi. Mama mmoja mbele yangu akasema alhamdulillahi, mihogo itapona. Mimi nikatia mkono mfukoni na kuushika ule ufunguo, na nilijua palepale. Nikaenda kumwambia dereva aongeze mwendo. Akaniangalia akasema, "Mzee, kaa chini, matope haya." Nikakaa chini. Sijawahi kuichukia mvua isipokuwa siku ile.

Nilifika imekwisha kunyesha. Wanawake walikuwa wamesimama uwanjani pale ghalani, wameloa, na ndoo zao zimewekwa chini ya bati kujaribu kukinga kidogo. Maji yaliyokuwa ndani ya tangi, yale ya kuvushia mpaka masika yakolee, yalikuwa yamechafuka, yananuka salfa na uozo. Nikauliza kwa nini hawakuvunja kufuli. Shoka lilikuwepo, nililiona limeegemezwa ukutani. Bi Hadija ndiye aliyelileta. Akanijibu kwa adabu kabisa.

"Tulitaka kuvunja, Baba Somoe. Wenzangu wakasema mlango ule ni wako. Tutauvunjaje mlango wa mtu mzima hayupo, naye yuko msibani?"

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna tusi lililoniingia kama ile heshima. Watu wamesimama mbele ya maji yao wenyewe, shoka wanalo, wakayaacha yaoze kwa kuniheshimu mimi. Nilikuwa nimewafanya wasahau kwamba tangi ni lao. Wala sikuwaibia hata kikombe.

Waliyamwaga kwa ndoo siku nzima. Wakafinyangia matofali ya Mama Benadeta, yule jirani yetu wa upande wa kanisani, yasipotee bure. Kisha wakaingia ndani ya tangi kusugua. Na wakati tunasubiri mvua nyingine wakarudi bondeni, kule kule kwa bibi yako. Mkwe wa Bi Hadija akateleza kwenye mteremko, akavunjika mkono. Hilo ulilisikia, ukanipigia simu kutoka chuoni ukauliza, nikakujibu ni bahati mbaya. Bi Hadija hajawahi kuniambia neno kuhusu mkono ule. Nilikwenda kumwona mgonjwa, akanipa kiti, akanipa chai, akaniuliza habari za Somoe. Nilitamani anifokee.

Siku zile kijumba kilikaa wazi, kufuli na ufunguo vikiwa kwa Bi Hadija, maana hapakuwa na cha kufungia. Kwa hiyo hapakuwa na hodi. Nilikuwa naamka kama kawaida, natandika mkeka, naweka kiti cha mgeni, nakaa. Jua linapanda. Watu wanapita njiani na ndoo zao, "Shikamoo, Baba Somoe," wanapita. Hawakununa. Hawakunitenga. Walikuwa tu hawana shida na mimi. Mchana nilikuwa napika kisamvu kidogo, nakula nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa peke yangu na sahani kulikuwa kunanishinda. Nilianza kuongea na kuku, nikajisikia, nikaacha. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nakitunza miaka yote ile. Nilidhani ni maji.

Ungedhani baada ya hayo nilijifunza. Sikujifunza. Mvua ziliporudi na tangi likajaa, wakafunga tena na kuniletea ufunguo, na niliupokea kwa pupa kama mgonjwa aliyeletewa uji. Na mwaka huu, kikao cha kabla ya kiangazi, Bi Hadija akasimama akasema ni vizuri ufunguo uzunguke, kila mwezi nyumba nyingine, na mwanzi upimwe hadharani kama zamani. Nikauliza nani kati yao anajua kuligeuza lile bomba sawasawa. Bi Hadija naye akauliza, taratibu.

"Kufuli lile huja na funguo tatu, nang'olo wetu. Nyingine ziko wapi?"

Yule mama, ukimsikia anakuita nang'olo, mzee, kwa sauti ile laini, ujue ameshakuona mpaka ndani. Nikasema zimepotea. Nilisema hivyo mbele ya wanawake waliomwosha mama yako.

Haya sasa, kwa nini nayasema leo. Wiki iliyopita ulikuwa unapepeta mchele hapa hapa barazani, ukaniuliza bila kuniangalia, "Baba, nikiomba wanibadilishie, nifanye kazi Masasi, si nitakuwa nakuja kila Jumamosi?" Nikasema tutaona. Unakumbuka nilisema tutaona. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Nilikwisha kukupangia chumba, nikaona dirisha linahitaji wavu mpya. Nilikuwa nimeshatengeneza na maneno ya kukuambia, kwamba Singida ni mbali, kwamba huko nako maji ni shida, kwamba afya yangu si nzuri sana. Yote ni kweli. Na yote yalikuwa ni yale yale ya kupekuapekua juu ya kabati na ufunguo uko mfukoni.

Basi usiombe kubadilishiwa. Nakutaka ubaki, nimelisema, lisije likakaa kooni mwangu mpaka siku ya kufa. Nakutaka ubaki sana. Na kesho nitalibeba begi lako mwenyewe mpaka kituoni.

Leo mchana, ulipoondoka tu, niliifungua ile kanga. Nilikuwa nataka kukupa uende nayo. Nikafungua pindo, nikazichukua funguo mbili, nikatoa na ule wa mfukoni, nikaenda ghalani walipokuwa wanachambua korosho. Sikuwa na hotuba. Nikaziweka zote tatu juu ya gunia mbele ya Bi Hadija. Nikasema, "Hazikupotea. Nilizificha."

Mama Benadeta akasema, "Basi yamekwisha, baba." Bi Hadija akauchukua mmoja, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Wa pili akampa Mama Benadeta. Wa tatu akakaa nao mkononi akifikiri, na nitakuambia ukweli, nilinyoosha mkono. Nilidhani utarudi kwangu. Niliona hiyo ndiyo haki, kwamba nimeungama mbele ya watu, mmoja ubaki kwa mzee. Bi Hadija akauona mkono wangu. Akauchukua ule ufunguo na kumpa yule mkwe wake, yule aliyevunjika mkono. Akamwambia, "Mvua ya kwanza ni yako. Utafundishwa namna ya kuligeuza bomba na Baba Somoe, kisha utatufundisha sisi."

Nikarudisha mkono mfukoni. Mfuko mwepesi ajabu. Nimerudi nyumbani njia nzima najikuta naupapasa.

Kwa hiyo, Somoe, hili ndilo nililotaka ujue kabla hujaanza kuzunguka vijiji vya watu. Utakuta kila kikundi kina mtu mmoja anayekaa na ufunguo, au mashine, au stoo, na watakuambia ni mwaminifu kupita kiasi, na kweli atakuwa mwaminifu, hata hesabu zake zitakubali. Usiishie kwenye hesabu. Kaa naye. Angalia ana viti vingapi na vinakaliwa na nani. Ukisema tu ufunguo uzunguke, ni sawa, ndivyo inavyotakiwa, lakini ujue kuna nyumba moja unaizimia moto. Mimi sijui mtu wa namna hiyo asaidiweje, ningejua ningejisaidia. Ila usimwache akiwa amenyoosha mkono halafu ukageuka kufunga faili lako. Mpe japo shikamoo yenye kituo, usimame mpaka amalize kukujibu.

Na wewe mwenyewe ujiangalie, maana una damu yangu. Utafika mahali watu wanakuhitaji, na utasikia raha. Siku ukiona wanakuogopa hata wanashindwa kuvunja kufuli lako, ondoka upesi, hata kama bado wanakusifu.

Kanga ya mama yako ipo juu ya begi. Pindo nimelifungua, halina kitu.

Nimeacha kidogo kuandika. Jua limeshuka na wameanza kuteka. Kutoka hapa nasikia mlango wa kijumba ukilia bawaba zake, nasikia mtu anasema "Uinue juu tuone," na wote wanacheka, maana nadhani mwanzi umemrushia mtu maji. Ndoo ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Nimekaa kwenye kiti changu na cha mgeni kiko hapa pembeni. Hakuna aliyepiga hodi. Hii ndiyo jioni yenyewe niliyoiogopa miaka yote, nimekaa ndani yake, na inauma vile vile nilivyodhani.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini Bi Hadija amepaza sauti kutoka kule, mtaa mzima umesikia.

"Baba Somoe! Ndoo yako iko wapi? Au wewe huoshi uso siku hizi?"

Nikamjibu nitakuja wakimaliza. Unajua mimi sijawahi kupanga foleni kwenye tangi lile, nilikuwa nafungua na kuteka kabla ya wote.

"Wakimaliza nafunga!" akasema. "Njoo ukae nyuma ya Mama Benadeta kama watu wengine."

Kwa hiyo barua inaishia hapa, mwanangu, si kwa sababu maneno yamekwisha. Ndoo ninayo, ile ya bluu yenye mpini wa waya. Foleni ni ndefu na Mama Benadeta haishiwi na habari. Ukirudi kutoka kwa shangazi ukakuta mlango wazi na mimi sipo, usishtuke. Nifuate huko.

Baba yako,
wa mwisho kwenye foleni.